Tangi Lililozikwa Shuleni: Barua ya Wazi kwa Wazazi Wasemao Kiswahili wa Maine

Kwa wazazi na walezi wasemao Kiswahili katika jimbo la Maine, Marekani: mliotoka Uvira, Goma na Bukavu, Bujumbura na Kigali, mliopitia kambi za Nyarugusu na Kakuma, na nyinyi mliofika kwa masomo au kwa kazi.

Ndugu wazazi,

Tulipowaandikisha watoto shule, tulitembezwa. Tulionyeshwa madarasa, maktaba, ukumbi wa chakula na mahali basi la njano linaposimama. Kuna kitu kimoja ambacho hakuna aliyetuonyesha: tangi la mafuta lililofukiwa ardhini, kwa kawaida karibu na ukuta wa chumba cha boila au chini ya lami ya maegesho. Ndilo linalowawezesha watoto wetu kuvua makoti darasani wakati nje theluji imefika magotini. Si kila shule inalo. Nyingine zimehamia gesi, chenga za mbao au pampu za joto, na nyingine zina matangi yaliyo juu ya ardhi, yanayoonekana. Lakini hakuna jimbo Marekani linalotegemea mafuta kupasha joto majumbani kuliko Maine. Zaidi ya nusu ya nyumba hapa huishi kwa hayo, na shule nyingi zilijengwa kwa desturi hiyohiyo.

Ombi langu ni moja, na lina majira yake. Bajeti za shule hupangwa wakati wa baridi na kupigiwa kura baridi ikishaisha. Kabla hazijafungwa, tuulize habari za tangi la shule ya watoto wetu. Liko wapi? Liliwekwa mwaka gani? Ni la chuma kitupu au lina kuta mbili? Nani alilikagua mara ya mwisho, na aliandika nini?

Naanza na sheria, kwa sababu ndiko kwenye tundu. Mwaka 1984 Bunge la Marekani liliyaingiza matangi ya chini ya ardhi katika sheria ya taka, baada ya kubainika kwamba matangi ya chuma yaliyozikwa kwa miongo mingi, hasa kwenye vituo vya petroli, yalikuwa yakiliwa na kutu na kumwaga mafuta kwenye maji ya watu. Kanuni zilitoka mwaka 1988. Wenye matangi wakapewa miaka kumi, hadi tarehe 22 Desemba 1998, wayakinge na kutu, wayabadilishe au wayafunge. Tangu mpango huo uanze, zaidi ya maeneo 500,000 yamethibitishwa kuvuja nchi nzima. Mengi yamekwisha kusafishwa. Makumi ya maelfu bado.

Sasa, katika sheria hiyo ya shirikisho, tangi la mafuta ya kupasha joto yanayotumika palepale yanapohifadhiwa halihesabiwi. Limeachwa nje kabisa. Shule ikiwa na tangi la chini ya ardhi la dizeli ya mabasi, sheria ya Washington inalishika: likaguliwe angalau mara moja kila miaka mitatu, liwe na wasimamizi waliofunzwa na vifaa vya kugundua uvujaji, na wilaya ithibitishe kwamba ina namna ya kulipa likitokea la kutokea. Upande wa pili wa jengo hilohilo, tangi la boila, ambalo huenda ni kubwa zaidi na lina mafuta yanayokaribiana sana na dizeli, halimo. Hata tangi la jenereta ya dharura lilisamehewa sharti la kugundua uvujaji mpaka kanuni zilipobadilishwa mwaka 2015, na matangi yaliyokuwapo yakapewa muda hadi Oktoba 2018. Aliyeuchora mpaka huu aliangalia mafuta yanatumika kwa nini. Hakuangalia yanafanya nini yakifika kwenye udongo.

Pengo hilo likaachiwa majimbo. Mengine yaliliziba, mengine hayakuhangaika. Maine ni kati ya yaliyoliziba: tangi kama la shule, hata likiwa la kupasha joto tu, linatakiwa kusajiliwa na Idara ya Ulinzi wa Mazingira ya jimbo, na lisilotumika kwa zaidi ya miezi 12 haliruhusiwi kuachwa hivihivi ardhini. Ni sheria nzuri. Lakini mwenye tangi ni wilaya ya shule, yaani bodi ya majirani zetu wanaokutana jioni wakiwa wamechoka, wenye ajenda ya walimu wasiotosha, paa linalovuja na timu ya mpira wa magongo inayotaka sare mpya. Tangi halipigi kelele. Mtu asipoliuliza, mwaka unapita.

Na tangi la shule si pipa la nyuma ya nyumba. Mengi hubeba galoni 5,000 hadi 10,000, yaani kama lita 19,000 hadi 38,000. La chuma kitupu huliwa kwa nje na unyevu wa udongo, na kwa ndani na maji ya mvuke yanayotulia chini ya mafuta. Pengine si tangi lenyewe linalovuja bali bomba lake: kiungo kilicholegea, au mrija uliozikwa chini ya sakafu ya zege ambao hakuna aliyeuona tangu jengo lijengwe. Na pengine ni siku ya kujaza tu. Lori linasukuma mafuta kwa nguvu, kengele ya kuonya kwamba tangi linajaa imekufa zamani, mafuta yanafurika mdomoni na kunywewa na ardhi. Kidogo kila baridi, kwa miaka thelathini.

Mtu wa boila huyajua haya kabla ya mhandisi. Boila inazimikazimika kwa sababu maji yameingia kwenye mafuta. Mafuta yaliyonunuliwa ni mengi kuliko baridi ya mwaka huo ilivyokuwa. Harufu ya dizeli inasikika chumba cha chini baada ya mvua kubwa au theluji kuyeyuka, maji ya ardhini yanapopanda na kuyainua mafuta yaliyokuwa yametulia. Utando wa rangi za upinde wa mvua unaelea kwenye shimo la pampu ya maji. Na hao watu wa boila, wale wanaopita kwenye vyumba hivyo saa nne za usiku na ndoo na mopu, ni akina nani? Ndugu zangu, baadhi yao ni sisi. Ukiona au ukinusa dalili kama hizo, usimwambie msimamizi kwa mdomo peke yake. Mwandikie, hata kwa ujumbe wa simu, uweke tarehe, na ubaki na nakala. La mdomoni huondoka na msimamizi anapohama. Maine ina sheria inayomlinda mfanyakazi anayeripoti kwa nia njema hatari au uvunjaji wa sheria kazini, na ni vizuri kuijua kabla hujaihitaji.

Wa Portland mtaniambia: sisi tunakunywa maji ya Ziwa Sebago. Wa Lewiston mtasema: yetu ni ya Ziwa Auburn. Ni kweli, na ndiyo maana sitaki kumtia mtu hofu ya bomba la kunywea shuleni katika miji hiyo. Kwenu hatari ni mvuke wa mafuta unaopenya kutoka udongoni kuingia vyumba vya chini, na gharama, ambayo nitaifikia. Lakini kodi za nyumba zinatusukuma nje ya miji mikubwa. Shida hiyo ya makazi si ya leo: mnakumbuka mwaka 2019, mamia ya waomba hifadhi kutoka Kongo na Angola walipolazwa kwenye ukumbi wa Expo pale Portland. Wengi wa jamaa zetu leo wanaishi nje ya miji, wakihesabu maili hadi duka la karibu. Na ukitoka mjini, maji yanabadilika: takriban nusu ya watu wa Maine hunywa kutoka visima vyao wenyewe. Shule nyingi za vijijini nazo zina visima vyao.

Chini ya jimbo hili kuna udongo ulioachwa na barafu za kale, sehemu nyingine mwembamba sana, halafu mwamba. Visima vingi huchimbwa ndani ya mwamba huo, na maji hufika kisimani kwa kupita kwenye nyufa zake. Udongo mnene huchuja, ufa hauchuji. Desemba 1997, katika mji wa Standish, gari lilipinduka barabarani na petroli iliyokuwa kwenye tangi lake ikamwagika. Gari moja. Visima 24 vya jirani vilikutwa na MTBE, kemikali iliyokuwa ikichanganywa kwenye petroli ili iungue vizuri. Mwaka uliofuata jimbo lilipima visima 951 vya majumbani. Karibu 16 kwa kila 100 vilikuwa na chembe za kemikali hiyo, ingawa vilivyopita kiwango cha hatari vilikuwa kama kimoja tu kwa kila 100.

Hapa lazima niwe mkweli, kwa sababu nimewahi kusikia habari ya Standish ikisimuliwa vibaya. MTBE ilikuwa ya petroli, si ya mafuta ya boila, na huyeyuka majini na kusafiri upesi. Mafuta ya kupasha joto ni mazito zaidi, hung'ang'ania udongo na huenda polepole. Mtu asiwaambie kwamba yaliyowapata watu wa Standish yanasubiri chini ya kila shule. Ubaya wa mafuta ya boila uko kwenye huko kung'ang'ania: udongo ulioloa hubaki ukitoa naftalini na benzini kidogo kidogo kwa miaka mingi, na benzini inajulikana kuleta saratani ya damu. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa cha benzini katika maji ya kunywa Marekani ni maikrogramu 5 kwa lita, kiasi ambacho ulimi hauwezi kukionja. Shule yenye kisima chake huhesabiwa kisheria kuwa mtoaji wa maji kwa umma, kwa hiyo inalazimika kupima kemikali za aina hii. Matokeo ya vipimo si siri. Yaombeni.

Kuhusu fedha, kila mmoja wetu mwenye gari tayari anachangia, pengine bila kujua. Tangu mwaka 1986 kuna mfuko wa shirikisho wa kusafisha matangi yaliyovuja, unaolishwa na sehemu moja ya kumi ya senti kwa kila galoni ya mafuta ya magari. Jaza galoni 12 na umetoa senti moja na kidogo. Ila mfuko huo unafuata mpaka uleule wa sheria, kwa hiyo tangi la boila la shule halina haki humo. Linaweza kusaidiwa na mfuko wa jimbo la Maine, unaojazwa kwa ada inayotozwa kila pipa la mafuta linaloingia jimboni, na huu unayajua matangi ya kupasha joto. Anayeomba msaada hubeba sehemu fulani ya gharama mwenyewe, na jimbo likikuta kwamba hakufuata kanuni, sehemu yake inaongezwa.

Tafadhali msipite haraka hapo. Shule mbili zinaweza kuwa na uvujaji unaolingana, udongo ule ule na mkandarasi yule yule, lakini moja ikalipa kidogo na nyingine ikalipa mno, kwa sababu ya kwanza ilitunza kumbukumbu za usajili na ukaguzi na ya pili haikutunza. Tunapouliza karatasi za tangi, hatumtafutii mtu makosa. Tunaangalia kama mlango wa msaada bado uko wazi. Ukishafungwa, pengo litatoka kwenye bajeti ileile inayomlipa mkalimani, mwalimu wa Kiingereza cha wageni na basi la jioni la wanaobaki kwa michezo. Mnajua nani hupunguziwa kwanza.

Kwa matengenezo ya afya na usalama wa majengo, wilaya pia zinaweza kuomba mikopo ya jimbo isiyo na riba ambayo sehemu yake husamehewa. Si fedha za kutosha wote, na foleni ni ndefu. Lakini asiyejaza fomu hayumo hata kwenye foleni.

Na hapa niwakere kidogo wapenzi wa nishati safi, nami ni mmoja wao. Wilaya inapata ruzuku, inaweka pampu za joto au boila ya chenga za mbao, utepe unakatwa, picha zinapigwa. Jambo jema sana. Tangi la zamani linabaki chini, eti kwa akiba, na mafuta nusu ndani. Mwaka wa kwanza mtu bado analikumbuka. Mwaka wa tatu fundi mkuu amestaafu. Mwaka wa kumi anayepanga uwanja mpya wa kuchezea watoto hana ramani inayoonyesha chochote. Mkisikia shule yenu inaacha mafuta, shangilieni, kisha ulizeni swali moja tu: kutoa tangi kumo ndani ya mkataba huo, au kumeachwa kwa ajili ya baadaye? Mimi nisingeunga mkono mradi ambao hauna gharama hiyo ndani yake, hata ungekuwa wa kijani namna gani.

Kulitoa tangi si kazi ya trekta na kamba. Kwanza mafuta yaliyobaki hufyonzwa, kisha tope la chini huondolewa na mvuke unaoweza kulipuka hufukuzwa kabla chuma hakijaguswa. Udongo wa juu unachimbwa, tangi linanyanyuliwa, na ndipo mtu anashuka na kifaa cha kunusa mvuke na vichupa vya sampuli, kuchukua udongo wa chini ya ncha zote mbili na kando ya mabomba. Ukiwa safi, shimo linajazwa, cheti kinaandikwa, habari imekwisha. Ukiwa mchafu, udongo unapelekwa mahali palipoidhinishwa, na kama mafuta yamefika majini, visima vya uchunguzi vinachimbwa na kupimwa kwa miaka. Wakati wote huo uwanja una uzio. Ndiyo sababu kazi hii hufanywa likizo ya kiangazi, na ndiyo sababu mkandarasi lazima apatikane kabla ya likizo kuanza.

Najua mnachosema moyoni. Tuna kesi za hifadhi, kibali cha kazi kinachokaribia kwisha, kodi ya tarehe moja. Na huyu anatuletea tangi. Pia najua wengi hawataki majina yao yaonekane kwenye karatasi yoyote ya serikali, hasa nyakati hizi, na siwalaumu hata kidogo. Kwa hiyo nieleze ilivyo. Sheria ya Maine ya kupata habari za umma haibagui raia na asiye raia, wala haimtaki mtu aeleze sababu. Ofisi ya umma ikiombwa rekodi, inatakiwa ikiri kwamba imepokea ombi ndani ya siku tano za kazi. Mwombaji anaweza kuwa mtu mmoja kwa niaba ya wengi: mchungaji, imamu, katibu wa chama cha jumuiya, au jirani Mmarekani mwenye mtoto darasa moja na wako. Kupiga kura ya bajeti ni haki ya raia, lakini kusimama katika kipindi cha maoni kwenye mkutano wa bodi na kuuliza swali si kupiga kura. Na kama Kiingereza kinakutatiza, omba mkalimani mapema. Shule zinazopokea fedha za shirikisho zimekuwa zikitakiwa kuwasiliana na wazazi kwa lugha wanayoielewa, kwa msingi wa Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wenyeji wa Maine wamezoea matangi haya tangu utotoni, kiasi kwamba hawayaoni tena. Sisi ambao tulikulia kwenye jua na jiko la mkaa, tukashangaa siku ya kwanza tulipoona lori likimimina mafuta chini ya nyumba, bado tuna macho ya kuuliza. Katika mkutano mmoja niliohudhuria, swali la kipumbavu la mgeni lilimfanya mjumbe wa bodi ageukie wenzake na kusema: hivi kweli, tangi letu lina miaka mingapi?

Mkiuliza, ulizeni kwa upole. Msimamizi wa majengo wa wilaya mara nyingi amekuwa akiomba fedha za kazi hii kwa miaka na kuambiwa asubiri; akiona wazazi wanamuunga mkono atawapa maelezo mengi kuliko mlivyotarajia. Mkijibiwa kwamba tangi ni jipya, lina kuta mbili, lina kihisi katikati ya kuta hizo na ukaguzi wake ni wa karibuni, mshukuruni na mrudi nyumbani. Tangi la namna hiyo, likitunzwa, si tatizo, na kuna mambo mengine ya kuhangaikia. Mkijibiwa kwamba hakuna anayejua, hapo mna kazi: ombeni liingizwe kwenye kumbukumbu za mkutano, ombeni tarehe ya jibu, na tarehe hiyo ikifika mrudi.

Wilaya huandaa bajeti wakati wa baridi. Anayetaka fedha za kiangazi kijacho awe amezungumza kabla theluji haijaisha. Barua fupi ya kuomba rekodi za tangi na vipimo vya maji nimeiandaa kwa Kiingereza, na Kiswahili chini yake ili kila anayeituma ajue anachosema. Nitaweka nakala kwenye meza ya matangazo ya jumuiya yetu na pale dukani tunaponunulia unga na dagaa. Chukueni, jazeni jina la shule, na mwenye kuogopa kutia sahihi yake aniachie, nitatia yangu.

Wenu katika malezi,

Mzazi mwenzenu, Lewiston